Mmea Uliokatazwa Kuchanua

Kila Jumapili saa kumi alasiri Muturi hukaa kando ya tangi la samaki, miwani puani, simu mezani, na hataki mtu. Hata Ruqia wa nyumba ya pili, anayemletea maziwa, amejifunza kutopita saa hiyo. Ni saa ya Kui.

Kui ni binti yake wa pekee. Yuko Ujerumani, anafanya utafiti wa mimea, na tangu mama yake azikwe alikuwa akipiga simu pale tu penye jambo: Pasaka, Krismasi, hati ya shamba la Kisaju. Si mtoto mbaya. Ana shughuli zake, na Muturi naye si mtu wa kubembeleza. Miaka thelathini ya kuchanja ng'ombe haimfundishi mtu kusema "nimekukumbuka".

Tangi lilikuwa la Kui, la enzi zake za sekondari. Alipoondoka aliacha samaki wanne tu, bila hata jani moja. Mwaka jana Muturi alipokuwa akirudi kutoka mazishini Mashuuru, aliona kwenye dimbwi kando ya barabara mmea wa shina jembamba, majani mawili mawili, ncha nyekundu. Aling'oa vijiti sita, akavileta Kitengela ndani ya chupa ya soda. Vitatu aliviua mwenyewe kwa maji ya kisima, maana maji ya kisima cha huku yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Vilivyobaki aliviokoa kwa maji ya mvua kutoka paani. Viliposhika, akavipiga picha, akamtumia Kui: huu unaitwaje?

Jioni hiyo Kui alipiga simu, na haikuwa Pasaka.

"Baba, hizo ziko mingi na zinafanana. Ikiwa ndani ya maji huwezi jua. Wacha itoke juu, itoe maua. Ukinitumia picha ya maua nitakuambia jina siku hiyo hiyo."

Jumapili iliyofuata akapiga tena kuuliza kama umetoa maua. Na iliyofuata. Walianza na shina, kama ni la mviringo au la pembe nne, wakafika kwenye goti la Muturi, wakaishia kwenye theluji ya huko. Robo saa ikawa nusu saa. Muturi si mjinga. Alijua kwamba siku maua yatakapotoka, jina litatajwa, na simu zitakwisha.

Basi kila Jumamosi, ncha zikikaribia uso wa maji, huzikata kwa mkasi wa kucha na kuzipanda tena kwenye changarawe. Watunzaji wengine hufanya hivyo ili mmea ujae. Yeye hufanya hivyo kwa woga. Vipande vinavyozidi huvitupa nje, kwenye karai kuukuu karibu na mfereji.

Mvua za Aprili zikajaza tope kwenye karai lile, na Muturi hakulitazama. Jumapili moja asubuhi Ruqia alikuja na maziwa, akainama hapo.

"Mzee, hii maua yako ni mzuri. Si ndiyo Kui anangoja?"

Yalikuwa madogo kama punje za mtama, rangi ya waridi, kila moja limekaa pale jani linaposhikana na shina. Yalikuwa mazuri kweli, na Muturi aliyachukia.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Akikuuliza, usimwambie."

Ruqia, ambaye wanawe wote wako Garissa, hakuuliza kwa nini. Alimimina maziwa kwenye sufuria, akaenda zake.

Saa kumi simu ililia. Karai lilikuwa miguuni pa Muturi. Alikuwa amelileta ndani apate kuamua.

"Imetoa maua, Baba?"

"Bado."

"Pole. Usichoke kungoja."

"Sichoki."

"Na goti?"

Akamweleza habari za goti, kwa kirefu, huku mkono wake wa pili ukichuma yale maua moja moja na kuyaweka kwenye kisosi.