Raga za Anti Sushila, Lozells

Enzi zetu, sisi tuliokulia Lozells, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, jirani ulimjua kwa sauti kabla hujamwona uso. Anti Sushila alikuwa Mhindi wa Kisumu. Siku moja alimsikia mama akinigombeza uani kwa sababu ya soksi, akacheka ng'ambo ya ua, akauliza kwa Kiswahili kama tuna unga wa ugali. Tangu hapo akamwita mama Mama Njeri, na mimi nikawa mwanafunzi wake wa raga, zile nyimbo za kale za Kihindi.

Tukitoka shule tulikaa kwake sakafuni, viatu mlangoni, nyumba ikinukia bizari na udi. Alinipa tanpura niishike, chombo kirefu kuliko mimi, ambacho nyuzi zake hazitoi wimbo. Zinavuma tu mfululizo ili mwimbaji apate pa kuegemea. Mumewe, Mzee Harish, alipiga tabla, zile ngoma mbili ndogo, kila kidole na neno lake. Raga yangu ya kwanza ilikuwa Bhupali, ya jioni, yenye sauti tano tu. Mama aliisikia akiosha vyombo, akasema ni kama nyimbo za kanisani kwao Murang'a. Raga za asubuhi Anti alikataa katakata kunifundisha jioni. Alisema hata uji una saa yake.

Kisha Mzee akafariki, wakati wa baridi. Tabla zikafunikwa kitambaa, na upande ule wa ukuta ukawa kimya. Mama alimpelekea chakula kila alipotoka kazini, wakawa wanakaa tu.

Kiangazi kilipofika, watu wa hekaluni walimwomba Anti aimbe ukumbini, wakamtafutia kijana fundi wa tabla. Mimi nilikaa nyuma yake na tanpura. Akaanza alap, ile sehemu ya kwanza isiyo na ngoma, sauti ikipanda polepole kama mtu anayepapasa njia gizani. Ilipofika zamu ya tabla, kijana akainua mikono, na Anti akanyamaza. Akamtazama mama, aliyekuwa safu ya mbele.

"Mama Njeri, hapa ndipo alipokuwa anaingia Mzee. Siwezi kupita."

Mama alipanda jukwaani na sare yake ya unesi, akamshika mkono, wakashuka pamoja. Hakuna aliyepiga makofi. Anti hakuimba tena.

Baadaye sisi tulihamia mtaa wa Erdington, naye Anti akachukuliwa na bintiye kwenda mji wa Leicester. Simu zikapungua, zikaisha. Habari za msiba wake zilitufikia majivu yake yameshapelekwa mtoni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuirekodi sauti ile. Tulidhani watu wapo tu, siku zote.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa, anabeba raga zote za dunia kwenye simu. Juzi nilimwomba anitafutie Bhupali. Alap ikaanza. Binti akasubiri kidogo, kisha akaniuliza kwa Kiingereza wimbo wenyewe unaanza lini.

"Umeshaanza," nikamwambia.

Akasikiliza kidogo tena, kwa adabu, halafu akaniachia simu, akapanda zake chumbani. Sisi kwa Anti tulikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi, na haikutujia kuuliza. Nilibaki jikoni peke yangu, nikaiacha iende mpaka mwisho.