Mchumba Wangu Alimshusha Mshenga Njiani

Admin, jina langu kaa nalo wewe, maana mama zangu wadogo wamejaa humu. Nina miaka 28, naishi Ihumwa, nina kiduka cha kuwawekea watu filamu kwenye flashi. Naandika na hasira zangu, mnivumilie.

Mchumba wangu nitamwita Deo, ni mtumishi wa serikali hapa Dodoma. Tulijuana dukani akitafuta vichekesho vya safari, zile filamu za watu wawili wasiopatana wanaosafiri pamoja. Yeye ni wa za Wamarekani, mimi za Wachina, tumebishana miaka mitatu. Kwa Wamarekani mtu anasafiri kujitafuta. Mtoto anamfokea baba yake humo humo garini, kisha mmoja anatoa hotuba, wanakumbatiana, yamekwisha. Kwa Wachina mtu anahangaika afike kwao sikukuu, kwa treni, kwa lori, hata kwa miguu, na yule msumbufu aliyenaye wanafika wote, hata awe kero vipi. Mwishoni hotuba hamna. Watu wanakaa mezani, mama anamwongezea mwanawe chakula, mimi nalia. Deo ananicheka, "Wachina wako hata kusema nakupenda hawajui." Kumbe mwenzangu hakuwa anaongelea filamu.

Mwezi uliopita alikuja kwetu Mpwapwa kujitambulisha. Mshenga wake ni mjomba wake, ndiye aliyemlea. Mzee ana maneno huyo! Njia nzima anaimba kwaya, mara simama ninunue karanga, mara simama nimsalimie fulani. Walipofika Mbande akaomba tena wasimame. Deo akamwambia, "Basi shuka ukasalimie vizuri," akaondoa gari. Alimwacha mtu mzima barabarani, jamani!

Kwetu baba ameketi na wazee, mbuzi keshachinjwa. Deo akaingia peke yake, akatoa shikamoo ya haraka, akasimama katikati. "Baba, nampenda binti yako. Safari hii imenifundisha kuwa mimi mwenyewe." Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu muoaji anakaa kimya, anasemewa.

Baba akauliza taratibu, "Kijana, wa kukusemea yuko wapi?"

"Nimemwacha Mbande, alikuwa ananichelewesha."

"Basi hujafika," baba akasema.

Hatujakaa sawa, bodaboda hiyo ikaingia. Mzee kajaa vumbi mpaka kwenye kope, kakumbatia koti la suti la Deo, maana alishushwa nalo mapajani. Hata salamu hajatoa, akauliza, "Jamani, kijana wangu amefika salama? Ile barabara ina makorongo."

Mnajua Deo alifanya nini? Alicheka! "Aah mjomba, samahani bwana," akamkumbatia, akageuka kututazama kama anayengoja makofi. Mzee wa watu naye akacheka kidogo, akawa anampangusa vumbi alilomwachia kwenye shati. Mimi nilikimbilia jikoni, na huko shangazi zangu walikuwa wanaangua vicheko, wakazidi kunipandisha hasira.

Baba aliwapa chakula wakaondoka. Hakukataa posa. Alisema Deo arudi na mzee yule yule, amwombe msamaha mbele ya wazee, kisha akae kimya mzee aseme. Ni hilo tu. Deo hataki. "Samahani si nilishasema? Baba yako anataka maigizo." Sasa ananishawishi tukafunge ndoa bomani kimya kimya, wazee watazoea.

Na mzee ananipigia mimi, kwa sababu simu zake Deo hapokei. "Mwanangu, mwambie baba yako mimi sina kinyongo, siku yoyote nakuja."

Nampenda Deo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kamshusha mtu aliyemlea kwa sababu ya karanga na salamu. Mimi nami nitazeeka, maneno yatakuwa mengi, magoti yataniuma, nitaomba gari lisimame. Nishaurini ndugu zangu: nipande gari la mtu huyu, au nishuke mapema mwenyewe?