Mlango wa Pili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijui nilianza lini. Miaka ya sabini ilipoingia nilikuwa nachora ramani za majengo mjini Kisii, na wazee wa kijijini kwetu, karibu na Sironga, wakaniomba niwachoree darasa la harambee. Nilijivunia ramani ile. Kuta za mawe ya mlima wetu wenyewe, paa lenye mteremko mkali ili mvua ya mawe isilitoboe, jengo limeupa upepo mgongo. Madirisha niliyaweka juu kabisa, maana wapita njia sikuwaamini.

Mwenyekiti wa kamati akataka milango miwili. Nikamuuliza wa pili ni wa nini. Akatazama viatu vyake, akasema, "Ni vizuri tu ukiwa hapo."

Ndugu yake alikuwa seremala. Nikajiambia, huyu mzee ananiona mjinga. Baadaye baba yangu akaja na ombi lile lile, naye hakutoa sababu. Nikaamua kwamba wamemtuma, na hilo liliniudhi zaidi. Mlango ukabaki mmoja, mwembamba, kando ya meza ya mwalimu.

Darasa lilipokamilika, alasiri ilitengewa watu wazima wasiojua kusoma, kama kamati ilivyopanga tangu mwanzo. Mwalimu wao alikuwa mke wangu. Baba alijiandikisha wa kwanza. Alitaka kujisomea Biblia yake kabla macho hayajamchoka.

Wiki kadhaa baadaye nilitoka kazini mapema, nikapitia shuleni. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamkuta baba amesimama nje, amejibana ukutani, kibao chake cha kuandikia kifuani. Hapo ndipo akili iliponirudia. Kwetu mzee hapishani mlangoni na mke wa mwanawe, na kulitaja jambo hilo ni aibu tupu. Nililijua tangu utotoni, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa seremala. Niliona haya hata nikashindwa kumtazama usoni.

"Tata, umesimama hapa tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Nasikia vizuri tu."

Akanitajia a, e, i, o, u bila kukosea hata moja, akitabasamu. Kisha akanipa kibao. Hakikuwa na alama yoyote. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Sasa nionyeshe wewe," akasema. "Hiyo a inakaa aje?"