Kutoka Paris Mpaka Roma

Mpaka leo mtu akinitajia Paris na Roma, hasira zinanipanda. Sijafika hata mji mmoja kati ya hiyo miwili, na sitaki. Lakini najua kuwa ni kilomita elfu moja na mia moja hivi, na ndege ya moja kwa moja huchukua kama saa mbili. Nililipwa mshahara kwa kujua hayo. Miaka ya Ujamaa nilikuwa karani wa ofisi moja ya safari za ndege, karibu na Mnazi Mmoja.

Siku moja ya masika nikapokea simu ya maandishi kutoka nyumbani Lindi: baba hali mbaya, anakuulizia. Lindi haifiki hata nusu ya umbali wa miji ile. Lakini ndege ya kule ilijaa wakubwa, barabara ilikuwa tope tupu, na basi liliondoka siku lilipojisikia. Nikasikia litaondoka kesho yake. Alfajiri nikaenda Kariakoo kwenye dirisha la tiketi, nikaweka jiwe langu kwenye foleni, nikaenda kazini. Ndivyo tulivyoishi wakati ule, kwa sukari, kwa unga, kwa kila kitu: jiwe lako linakushikia nafasi na hakuna anayeligusa. Ila dirisha likifunguliwa, jiwe halina kazi tena. Lazima uwepo mwenyewe.

Mkuu wangu alishanipa ruhusa ya kutoka. Nilikuwa nimesimama, mkoba begani, alipoingia kiongozi mmoja mwenye tumbo lake na suti yake ya Kaunda. Alikuwa anakwenda Ulaya kwenye mkutano wa barabara za vijijini. Sitanii.

"Dada, Paris mpaka Roma ni mbali?"

"Saa mbili hivi, ndugu."

"Saa mbili nzima nimekaa tu? Na mgongo huu? Hebu niangalizie, nikipumzika Zurich kwanza inakuwaje."

Nikamwangalizia Zurich. Akataka Geneva. Akataka kujua upande gani wa ndege mtu anaona milima. Nikamgeukia mkuu wangu kwa macho ya kuomba.

"Mhudumie kwanza ndugu," akasema. "Baba yako atakusubiri."

Nilipofika Kariakoo mbio, dirisha lilishafungwa na mawe yetu yamesukumwa mtaroni. Nilitukana pale katikati ya watu, mimi mtoto wa mwalimu wa madrasa, matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mchicha akaziba masikio. Sikuona haya. Hata sasa sioni.

Basi nililipata wiki iliyofuata. Baba alikuwa ameshazikwa. Shangazi yangu, dada yake, ndiye aliyemuuguza, na alinisimulia tukiwa tumekaa mkekani, bila kunilaumu, jambo ambalo lilinichoma zaidi.

"Tulimwambia umeshaondoka Dar," alisema. "Kila akiuliza, amefika wapi, tunakusogeza mbele. Tukasema Kibiti. Tukasema ameshavuka Rufiji. Tukasema Nangurukuru. Asubuhi ya mwisho akauliza tena, tukamwambia uko Mchinga, si mbali. Akafurahi, mwanangu. Akasema, basi bandikeni wali, huyo amefika."