Fundi Miguu na Maneno ya Kutosha

Walimwita Fundi Miguu kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Alitengeneza miguu bandia katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, kati ya chumba cha kufulia mashuka na stoo ya vitanda vibovu. Miaka kumi na tisa alikuwa pale, na plasta ilikuwa imemganda kwenye kucha hata siku za mapumziko. Akimaliza mguu, mgonjwa alitembea katikati ya vyuma viwili vya kushikilia, akaenda, akarudi. Naye fundi akaandika kwenye faili maneno mawili tu: "Si haba."

Kisha akaja daktari mpya, mwanamke kijana, mwepesi wa hatua na wa maneno. Akasema faili zile zinasomwa na wafadhili wa mbali, kwa hiyo mstari wa mwisho uandikwe kwa Kiingereza: mgonjwa anatembeaje? Fundi Miguu aliishia darasa la saba. Siku hiyo alirudi nyumbani amenyong'onyea.

Binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alichana kifuniko cha boksi la viatu, akamwandikia maneno sita kwa herufi kubwa.

"Yote haya maana yake si haba?" fundi akauliza.

"Karibu yote, baba. Ila kila moja lina kimo chake. *Satisfactorily*, hapo kazi imeridhisha. *Adequately*, imetosha, haikuzidi. *Reasonably* na *fairly*, vizuri kiasi. *Passably*, imepita, lakini kwa kujipenyeza. *Tolerably*, inavumilika."

"Kati ya hawa wawili wa vizuri kiasi, nani mkubwa?"

Binti akakuna kichwa. "Wanalingana, baba. Usiwagombanishe."

Akajifunza kwa bidii ya mtoto wa shule. Asubuhi moja, mezani, akamwambia mkewe, "Chai imeiva adekwetli."

Mkewe akaliweka birika chini. "Umenisifu au umenitukana?"

"Nimesema imetosha."

"Basi kama imetosha usiombe kikombe cha pili."

Akaomba, na akapewa.

Miezi ikapita, faili zikajaa maneno mapya, na daktari akafurahi. Tena akaweka utaratibu: mgonjwa aliyeandikiwa *satisfactorily* amemaliza, hapangiwi tarehe ya kurudi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja mshonaji, mjane wa makamo aliyekatwa mguu wa kulia chini ya goti. Alitembea kati ya vyuma kama anayekwenda harusini. Fundi alipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Mguu mzuri, fundi, asante sana." Fundi akaandika lile neno kubwa kuliko yote, akapiga na mstari chini yake.

Baada ya wiki saba mama yule akatokea mlangoni bila tarehe wala kadi. Alikuwa ameshika kiuno.

"Shikamoo, fundi. Samahani, najua mimi nimeshamaliza."

"Marahaba. Kaa kwanza. Unatembeaje?"

"Kutembea natembea vizuri. Lakini mimi sili kwa kutembea, fundi. Nakula kwa kukaa. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu huu haukunjiki kwenye kifundo. Nakanyaga kwa mmoja kutwa nzima, kiuno kinawaka moto. Nguo za watu zimelala."

"Mbona hukusema siku ile?"

Mama akatazama sakafu. "Ulikuwa umefurahi sana. Niliona aibu kukuharibia."

Fundi Miguu akatoa faili ya mama kabatini, akaliangalia lile neno lenye mstari chini yake, na macho yakamuuma. Alikuwa amepima mfupa, nyama na urefu wa hatua. Hakuwahi kumuuliza mtu huyu siku yake anaipitishaje.

Kesho yake aliazima cherehani kutoka chumba cha mashuka, akaiweka katikati ya karakana. Akaufungua ule mguu, akaondoa kifundo kigumu, akachonga kingine cha mpira uliokatwa kwenye tairi. Kile cha kwanza kililegea mno, unyayo ukaning'inia. Cha pili kikapiga kelele kama bata, wakacheka wote wawili mpaka wafuaji wakaja kuchungulia. Cha tatu kilikubali. Mama akaingiza kitambaa, akakanyaga. Sindano ikaanza kupanda na kushuka, taratibu, kisha kwa kasi, na yeye akakaza midomo kama watu wanavyofanya wakijizuia kulia. Alishona mshono mrefu usio na kazi yoyote, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Sasa niandike neno gani?" fundi akamuuliza. Akamsomea yale sita, moja moja, na maana zake.

Mama akafikiri. "Andika kwamba nakanyaga kwa miguu miwili."

Akaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake mnene.

Daktari alimwita siku ya tatu, faili mkononi. "Fundi, tulikubaliana nini?"

Akamweleza yote, na lile kosa hakulificha. Daktari akavuta kiti, akakaa, akasoma tena ule mstari.

"Hata mimi niliyemfungia faili sikumuuliza," akasema. "Uache hivyo hivyo. Kiingereza chake nitakiandika mwenyewe chini yake."

Tangu hapo foleni ya karakana ikawa ndefu, na wapo walionung'unika kwamba fundi siku hizi ana maswali kama hakimu. Asubuhi moja akaingia dereva mstaafu, mguu wake mpya ukiwa bado haujapakwa rangi.

"Mzee wangu, ukiamka unafanya nini kwanza?" fundi akamuuliza.

Mzee akasita, akajikuna kidevu. "Nataka kupiga magoti nisali, mwanangu. Tangu ajali sijaweza."

Fundi Miguu akatandika gunia safi sakafuni, akapiga magoti yeye kwanza ili aone goti linavyokunjika, kisha akamnyooshea mzee mkono.