Ziwa Halikumdhuru Masanja

Mwanangu, kabla sijakushauri lolote, niweke kumbukumbu sawa. Aliyesababisha Masanja apoteze uwezo wa kusikia ni mimi, Elikana, niliyekuwa karani wa wilaya na katibu wa kamati ya michezo. Si ziwa. Si mamba, si mizimu ya majini, wala si bahati mbaya, kama wanavyosimulia hadi leo watu ambao hata hawakuwapo. Nakereka ninapoyasikia maneno hayo, na nakereka zaidi kwa kuwa yalitoka kwenye kalamu yangu.

Siku yenyewe naikumbuka vyema. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimehamishiwa Geita kutoka Shinyanga, sina ndugu wala rafiki, nikapewa nyumba mojawapo ya zile zilizobaki baada ya mgodi wa zamani kufungwa. Kulia kwangu nyumba tupu, kushoto nyumba tupu. Jioni nilisonga ugali wa mtu mmoja. Na kama hujawahi kusonga ugali wa mtu mmoja, hujui mwiko unavyoweza kupiga kelele ndani ya nyumba.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya michezo mitatu mfululizo: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Ninyi mnayaita triathloni. Sisi tuliyaita “ya mitatu,” basi. Baiskeli sikuiogopa, kwani Shinyanga hadi Kahama nilikuwa naimaliza kwa siku moja. Mbio nilizifanyia mazoezi peke yangu, kandokando ya mashamba ya pamba. Tabu ilikuwa maji. Mimi nilijifunza kuogelea katika lambo la kunyweshea ng’ombe, kichwa nimekiinua juu kama fisi anayevuka mto. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, nami nilipoliona ziwa nilijua kwamba lambo halikunifundisha kitu. Nikajiunga na kikundi kilichofanya mazoezi huko kila Jumamosi.

Kiongozi wetu alikuwa Mzee Faustini, Mzinza, fundi wa mitumbwi. Hakuwa na daftari la mahudhurio, jambo lililonisikitisha sana kama karani. Badala yake alikuwa na utaratibu wake: kila anayeingia majini huvua viatu na kuvipanga kwenye mstari juu ya jabali la ufukweni, kila anayetoka huchukua vyake kwanza, kabla hata ya kujifuta maji. “Kiatu hakiogelei,” alikuwa akisema. “Kikibaki hapa, mwenyewe yuko majini.” Katika mstari ule wa kandambili na katambuga za matairi, viatu vyangu vya ngozi vilikuwa peke yake, kama mimi.

Kila mtu alipewa mwenzi wa majini. Wangu alikuwa Masanja, mpokea simu wa posta. Sauti yake niliijua kabla sijaijua sura yake, maana kila simu ya ofisi ilipitia kwake. Alikuwa mcheshi. “Mwangaluka, Bwana Karani!” angenisalimu kwa Kisukuma. “Leo fisi anavuka mto au anaishia katikati?” Kisha angeogelea polepole ubavuni mwangu, ingawa alikuwa na uwezo wa kuniacha mbali.

Jumamosi ile Mzee Faustini alitaka kila mmoja aogelee kwa kasi yake hadi kwenye mwamba uliochomoza majini mbele yetu na kurudi. Walipokuwa wameketi juu ya mwamba wakipumzika, mimi nilikuwa bado nusu ya njia, nikihema. Mmoja akapaza sauti: “Bwana Karani, maji hayapigwi mhuri!” Wakacheka. Masanja naye akacheka, kisha akaita, “Njoo taratibu, tunakusubiri!”

Mwanangu, katika maneno yale mawili nililichukua la kwanza nikaliacha la pili. Walipoanza kurudi, nilijitenga, nikapita nyuma ya matete ambako hakuna aliyethubutu kupita kwa kuogopa kichocho, nikatokea nchi kavu. Baiskeli yangu ilikuwa mbali, barabarani, shati likiwa kwenye keria. Kutoka pale niliwaona wakitoka majini mmoja mmoja. Niliviona pia viatu vyangu, vimebaki juu ya jabali. Ukelele mmoja ungetosha.

Sikupiga. Usiseme nilisahau; huo utakuwa uongo mwingine juu ya uongo. Nilitaka kutafutwa. Miezi yote ile hakuna aliyewahi kuuliza nilipo, nami nilitamani, angalau kwa nusu saa, kuwa mtu ambaye wenzake wanamuulizia. Nikapanda baiskeli, nikaenda zangu pekupeku.

Kesho yake nilirudi. Mzee Faustini alikuwa peke yake, akiziba ufa wa mtumbwi.

“Shikamoo, Mzee.”

Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. “Marahaba nitakupa ukishaniambia ulikuwa wapi.”

“Nilipatwa na kizunguzungu, Mzee. Nikatokea upande ule wa matete.”

“Na mdomo nao ulipatwa na kizunguzungu?”

Akageukia tena ufa wake.

“Masanja alipiga mbizi mpaka jua likafika utosini,” akasema. “Tunamwambia atoke, anasema, ‘Mwenzangu yuko chini, nimwache na nani?’ Anarudi tena. Damu ikamtoka masikioni. Yuko hospitali. Chukua viatu vyako.”

Marahaba ile sikuipata kamwe, na mzee alishafariki.

Masikio ya Masanja yalitunga usaha, na yalipopona yalikuwa yameziba. Mpokea simu asiyesikia! Aliondoka posta akarudi kwao, upande wa Bulyanhulu, kuchunga ng’ombe wa baba yake. Mimi, katibu, niliandika taarifa: “Mwanamichezo alipata ajali ziwani.” Tazama sentensi hiyo ilivyo safi, haina mtenda. Kikundi hakikunifukuza, ila hakuna aliyekubali tena kuwa mwenzi wangu wa majini. Mashindano nilishiriki, nikamaliza, nikasimama peke yangu nikijipangusa vumbi.

Mara moja nilimtembelea Masanja. Alinikumbatia. “Nilishukuru Mungu niliposikia u mzima!” alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. Nilikuja na nia ya kukiri. Lakini kukiri kwa kiziwi hakuna mnong’ono. Ingenilazimu nipige kelele uani, mbele ya mama yake na majirani. Nikameza maneno. Ningeweza kuandika, naye kusoma alijua vizuri. Nimeandika maelfu ya barua za serikali, mwanangu. Hiyo moja sikuiandika hadi nikasikia amezikwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukijiunga na wenzako majini, usitoke bila kuwaaga, hata kama wamekuudhi. Ukiwa mpweke, sema kwa mdomo wako. Usiwapime watu kwa hofu yao juu yako. Na ukikosa, kiri mapema, wakati uliyemkosea angali anaweza kukujibu. Mwenyezi Mungu akujalie mwenzi atakayepiga mbizi kwa ajili yako, na akujalie usimpe kamwe sababu ya kufanya hivyo.

Kwa yeyote anayetunza majalada ya michezo ya wilaya, nadai rasmi: sentensi ile ifutwe, jina langu liandikwe mahali pake, nami niitwe mbele ya jamaa wa Masanja waliosalia ili nijibu, kwa sauti ambayo kila mtu uani ataisikia.