Herufi Zilizocheza Kwenye Tangazo la Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wakili mmoja mjini Embu, sikuruhusiwa kugusa taipureta. Karani Mkuu, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, alinisukumia rundo la barua kuukuu akaniambia nizitazame bila kuzisoma.

"Bila kuzisoma, Madam?"

"Bila. Niambie ipi ya korti, ipi ya shamba, ipi ya kumpongeza bwana harusi."

Nilizipata zote isipokuwa mbili. "Basi utaweza," akasema. "Mtu huiona barua kabla hajaisoma. Na hapa kwetu wengi huishia kwenye kuiona."

Nawaandikia nyinyi wasichana mnaosoma uhazili. Mtasema mimi si mzee wa kutoa kumbukumbu. Kweli, nina miaka ishirini na saba na mtoto mmoja. Lakini kazi nimeiacha na siirudii, kwa hiyo nimestaafu, mpende msipende.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini tulikuwa tukitumia stensili. Hiyo ni karatasi ya nta ambayo taipureta huitoboa, halafu unaivisha kwenye mashine ya wino unayoizungusha kwa mkono mpaka bega liume. Ukikosea herufi, unapaka dawa nyekundu kama rangi ya kucha, unapuliza, unapiga tena. Taipureta ilikuwa na sura moja tu ya herufi, kwa hiyo uzito wa jambo tuliuonyesha kwa mpangilio: pambizo pana, kichwa katikati kwa herufi kubwa, mstari chini yake. Karani Mkuu alipima pambizo kwa rula. Ikipotoka kidogo, anairarua mbele yako. "Ilani haimchekei mtu," alikuwa akisema. Nilimchukia. Leo ningempigia magoti.

Wakili alipofunga ofisi nilirudi kwetu Meru, nikaandikwa katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Mwenyewe alitaka aitwe Director, ingawa tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Mwanangu Kendi alikuwa ameshazaliwa. Habari za baba yake msiniulize. Nilimwacha mtoto kwa mama yangu, upande wa Githongo, nikawa naenda kumwona kila Jumapili.

Halafu ikaja kompyuta. Ndani yake mlikuwa na fonti, yaani sura za herufi, nyingi kuliko tulivyohitaji. Director akapenda moja. Zilikuwa herufi za mviringo, zimelegea, kama zimeandikwa na mwanafunzi wa darasa la pili kwa kalamu nene. Sisi tuliziita Komiki. Akazipenda mpaka ikawa ugonjwa, na wateja wakaambukizwa. Msidhani walikuwa wajinga. Herufi za taipureta zilikuwa za umaskini. Komiki ilitangaza kwamba karatasi hii imetoka kwenye kompyuta na mwenye nayo si mtu wa mchezo. Kwa hiyo kadi za harambee, Komiki. Mitihani, Komiki. Mnada wa ng'ombe, Komiki. Mjane mmoja wa Kaaga alikuja kuchukua programu za mazishi ya mumewe, akaigeuza moja mara mbili, akaniuliza polepole, "Mwanangu, hii ni yangu kweli? Si ya sherehe ya mtoto?" Nikamwambia ni yake. Nilitaka ardhi inimeze.

Mwaka ule mvua ilinyesha isivyo kawaida. Jumanne moja akaingia afisa wa afya, viatu vimejaa matope, na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Vyoo vilikuwa vimebomokea kwenye chemchemi inayolisha bomba. Watu wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Chini kulikuwa na majina ya vijiji. Chetu kilikuwa cha tatu.

Niliichapa kwa herufi nyeusi, nene, zilizosimama wima. Kichwa: ILANI. Director akaja nyuma ya kiti changu.

"Mama Kendi, hii ni nini? Unataka kuua watu na presha?"

"Ni maji mabaya, Director. Acha itishe."

"Hapa hatutishi mtu. Weka ile yetu."

"Ile ni ya watoto!"

"Kwani mshahara wako analipa mtoto?" Akamgeukia afisa. "Ama wewe unaonaje, bwana?"

Afisa alikuwa na haraka. "Muhimu ionekane. Hata hiyo nyingine inapendeza."

Nikabadilisha. Vidole vyangu hivi. Nikamuuliza afisa nakala zitabandikwa lini, akasema jioni hiyo hiyo, kwenye duka, kanisani na kwenye kiwanda cha kahawa. Kwetu hakuna simu. Ningeweza kuomba ruhusa nikimbie nyumbani, au nitume mtu. Sikutuma. Nilijua karatasi itafika kabla yangu. Hilo sijajisamehe, na nisingependa mtu anijie na maneno ya kunifariji.

Jumapili nilimkuta Kendi analala tu, midomo imekauka, tumbo limevimba, mwili unachoma. Mama alikuwa akimpa maji kwa kijiko. Maji ya bomba.

"Mama! Hukuona tangazo dukani?"

"Niliona. Nikadhani ni la harusi."

"Si ungemuuliza mtu?"

"Nimuulize mtu habari za harusi ambayo sikualikwa?" Akakiweka kijiko chini. "Karatasi ya serikali naijua, hata kama sikusoma. Herufi zake husimama kama askari. Zile zilikuwa zinacheza."

Tulilala hospitali majuma matatu. Kendi akapona, lakini homa iliondoka na masikio yake. Unaita jina lake nyuma yake, hageuki. Alikuwa ameanza kuimba.

Nilirudi dukani kuchukua sweta yangu tu. Nikamweleza Director yote, mstari kwa mstari. Alisikitika, nisimsingizie, hata alikalia boksi la karatasi. Halafu akasema, "Lakini Mama Kendi, fonti haiui mtu." Nikamjibu kwamba haikuua, nikatoka. Majuzi nimepita pale. Mlangoni kuna tangazo la chanjo. Mnajua herufi zake.

Sasa nalima kahawa ya mama na kumfunza Kendi kuandika, maana atakayoyajua ya dunia yatapitia machoni. Mwezi uliopita mwalimu wa chekechea alimpa kadi ya alfabeti. Komiki. Nilimpokonya nikaikunja, mkono ukielekea jikoni kwenye moto. Kendi hakulia. Alichukua kijiti, akachora *a* kwenye vumbi, mviringo na kamkia, sawasawa na ile ya kadi, akaniangalia nione kama amepatia.

Alikuwa amepatia. Ile *a* ya vitabu, yenye kichwa kilichojikunja, nilikuwa nimemchorea mwezi mzima na alikuwa hajaiweza. Nikakaa chini pale pale mlangoni, nikainyoosha kadi kwenye goti, nikamrudishia. Nilimwonyesha *b*.